Sauti Isisimuayo Moyo: Neno juu ya Uimbaji wa Siti binti Saad na Bi Kidude

Mtu akiulizwa kwa nini ampenda mwimbaji fulani kuliko wengine, jibu lake mara nyingi huwa fupi: ana sauti tamu. Akiulizwa zaidi, husema ya kwamba sauti hiyo yaweza kumtoa nyoka pangoni. Hapo maneno humwishia. Nasi twaona ya kuwa jibu hilo, ingawa lina heshima yake, haliwatoshi waalimu, ambao kazi yao ni kuwachagua waimbaji, kuwafundisha na kuwasahihisha. Maana utamu ni sifa ya embe pia, wala hatujapata kusikia mtu aliyetokwa na machozi kwa ajili ya embe. Katika makala haya twataka kuchungua ni kitu gani katika sauti ya mtu kimgusacho msikiaji hata mwili ukamsisimka; na kwa kielelezo tutatwaa wanawake wawili wa Unguja ambao sauti zao zilipendwa sana, nazo hazikufanana hata kidogo.

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha huhifadhi hukumu za wazee hata pale ambapo wenye kuisema wamezisahau. Neno taarabu asili yake ni Kiarabu. Kwa Waarabu wa kale halikuwa jina la wimbo wala la kinanda. Lilikuwa jina la hali ya mtu, yaani ule wepesi umshikao mtu moyoni kwa furaha nyingi au kwa huzuni nyingi. Watu wa pwani walipolipokea neno hili waliufanya muziki wenyewe uitwe hivyo, na hivyo kisababishi kikapewa jina la kile kinachosababishwa. Neno lenyewe, basi, latufundisha mambo mawili. La kwanza, ya kuwa uimbaji hupimwa kwa msikiaji, wala si kwa koo la mwimbaji. La pili, ya kuwa furaha na huzuni hazikutengwa. Sauti iliyo njema yaweza kumpa mtu zote mbili kwa pumzi moja.

Waswahili wana maneno yao wenyewe kwa hali hiyo. Husema ya kwamba mwili umewasisimka, au wimbo umewaingia, au umewachoma. Angalieni ya kuwa maneno haya ni ya mwili mzima: yahusu ngozi, na nywele, na kifua. Hakuna hata moja lihusulo masikio peke yake. Tena lugha yapambanua kuimba na kughani. Aghaniye hutanguliza maneno, na sauti hufuata nyuma kama mtumishi abebaye taa. Aimbaye hupanua sauti zaidi. Lakini tofauti hii ni ya kiasi tu, maana shairi la Kiswahili tangu zamani limetungwa ili liimbwe. Mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, nane upande mmoja na nane upande wa pili, na mahadhi yafaayo shairi moja la hesabu hiyo yaweza kuchukua jingine la hesabu ile ile. Kwa hiyo msikiaji wa pwani mara nyingi huwa anayajua mahadhi kabla mwimbaji hajafumbua kinywa. Asilolijua bado ni neno, na neno ndilo analolingojea.

Desturi ya kutuza yathibitisha jambo hili. Katika mkusanyiko wa taarabu, hasa wa harusi, msikiaji aliyeguswa huinuka alipoketi, akamwendea mwimbaji polepole, mkono ameuinua na fedha i mkononi, akamtuza. Mgeni asiyejua desturi hudhani ya kuwa fedha hiyo ni malipo ya sauti nzuri. Na atazame ni wakati gani watu huinuka. Mara nyingi mtu huinuka neno fulani likitajwa, neno lihusulo msiba wake, au mke mwenzake, au jirani aliyemsengenya. Pengine kwa kule kuinuka tu amewaambia wote waliohudhuria jambo ambalo asingethubutu kulisema kwa kinywa chake. Mwimbaji amelisema badala yake. Basi sauti hiyo, kwa mwenye kutuza, imekuwa sauti yake mwenyewe iliyotoka katika kifua cha mtu mwingine.

Sasa tumtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa; Siti, maana yake bibi mwenye heshima, ni jina alilopewa baadaye. Kazi ya nyumba yao ilikuwa ufinyanzi, naye alitembeza vyungu akivinadi. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko alijifunza uimbaji kwa mafundi wa muziki wa siku zile. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, Bara Hindi, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Naye hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufikia jambo hilo. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, aliyezungumza naye alipokuwa angali hai, aliandika wasifu wake, na kitabu hicho kimewafikia wanafunzi wengi.

Wenye kumsifu hutaja kipaji chake, kana kwamba alizaliwa nacho kikiwa kimekwisha kukamilika. Kipaji hatukikani. Lakini twaomba msomaji afikiri kidogo juu ya kile chuo cha kwanza alichopitia, yaani njia za vijijini akiwa na vyungu vya kuuza. Mwenye kunadi hujifunza mambo mawili ambayo mwalimu wa uimbaji hupata taabu kuyafundisha. La kwanza, sauti haina budi kufika mbali bila ya kupasuka, maana mnunuzi yu nyuma ya ukuta. La pili, neno halina budi kueleweka, maana asikiaye sauti nzuri asijue kinauzwa nini hatoki nje kununua. Mtu aliyezoea kupata riziki yake kwa namna hiyo hawezi kusahau ya kuwa mwisho wa sauti ni sikio la mtu mwingine.

Jambo la pili alilolifanya Siti ni la lugha. Taarabu iliyopigwa katika jumba la Sultani tangu zamani za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hata 1888, ilikuwa ya Kiarabu. Na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliifuata kwanza njia hiyo. Wengi waliosikiliza hawakujua maana ya maneno. Walistarehe kwa mahadhi na vinanda. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu, lakini umaarufu wake ulikua kwa nyimbo za Kiswahili. Kwa tendo hilo alijiongezea mzigo. Maana mwimbaji aimbaye kwa lugha isiyojulikana na wasikiaji ana mahali pa kujificha: akilimeza neno, nani atamshitaki? Lakini aimbaye kwa lugha ya mchukuzi na ya mwuza samaki amewapa hao wote haki ya kumhukumu.

Wala msidhani ya kuwa Kiswahili ni lugha nyepesi kwa mwimbaji. Kwa kuwa silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, huonekana kana kwamba yajiimba yenyewe. Hila yake i papo hapo. Neno kata si neno kataa. Kufa si kufaa. Kukoma si kukomaa. Mwimbaji apendaye kuonyesha wingi wa pumzi zake, akiivuta irabu ya mwisho pasipo kufikiri, aliyekufa amefaa, na kilichokoma kimekomaa. Tena mkazo wa neno, isipokuwa kwa maneno machache, waangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Na barabara wapitayo watu yatofautiana na barabara yenye maana ya sawasawa kwa mkazo tu. Fundi wa kweli hupata njia kati ya hatari hizi. Hulitamka neno zima kwa kipimo chake, kisha, msikiaji akiwa amekwisha kulipata, ndipo huiachia sauti kutembea. Aliye mwanafunzi hufanya kinyume: huitembeza sauti kwanza, na neno likafika limechoka.

Huenda mtu akasema ya kwamba sahani za Siti, akizisikiliza leo, hazimtikisi kama alivyotazamia. Twamjibu ya kuwa sahani ya siku zile, ya mizunguko 78 kwa dakika, ilichukua kama dakika 3 au 4 tu upande mmoja. Wimbo wa taarabu katika mkusanyiko haukupimwa kwa saa. Mwimbaji aliweza kurudia mstari aonapo umeingia, au kungoja aliyeinuka afike kumtuza, au kunyamaza kidogo vinanda vipige ili neno lishuke moyoni. Mambo hayo yote yalikatwa ili wimbo uenee katika sahani. Kwa hiyo tulichobakiziwa ni mifupa ya uimbaji wake. Ni mifupa mizuri, lakini nyama yake ilikuwa kwa watu waliohudhuria.

Misri, nchi ambayo taarabu ya Unguja iliiga mengi kwake, yatupa mfano wa jambo hili ulio wazi zaidi. Umm Kulthum, binti wa imamu wa kijiji, alifundishwa kusoma Kurani tangu utoto, na mafunzo hayo yanataka kila herufi itoke mahali pake na kila irabu ipewe kipimo chake. Kuanzia miaka ya 1930 aliimba katika redio ya Kairo usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na sauti yake ikasikilizwa katika nchi nyingi za Kiarabu hata alipokaribia kufa mwaka 1975. Wimbo wake mmoja uliweza kuchukua saa nzima, kwa kuwa aliurudia mstari ule ule mara nyingi, na kila mara kwa namna nyingine, hata wasikiaji wakapiga kelele kumwomba aurudie tena. Ajuaye sanaa atatambua ya kuwa kurudia huku hakukuwa kwa kujaza wakati. Neno moja lilikuwa lageuzwa mbele ya watu kama mtu ageuzavyo kito mbele ya taa, mpaka kila aliyehudhuria apate upande wake.

Sasa twafika kwa mwimbaji ambaye, kama utamu ungekuwa ndio kipimo, asingestahili kutajwa kabisa. Fatuma binti Baraka, ambaye watu walimjua kwa jina la Bi Kidude, naye alikuwa mtu wa Unguja, na nyimbo za Siti alizipata kwa kumsikiliza. Alisafiri pwani na bara. Alipiga ngoma za unyago na kuwafunda wasichana. Akaendelea kuimba mbele ya watu hata katika uzee mkuu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Sauti yake ya uzeeni ilikuwa nzito na kavu, ikikwaruza kama jiwe juu ya jiwe. Haikupanda juu kwa wepesi, na pengine ilikatika katikati ya mstari. Mwalimu wa kwaya angemwomba kwa adabu akae nyuma. Walakini watu waliomsikia walisisimka, na walizidi kusisimka kadiri alivyozeeka.

Wako wasemao ya kwamba waliguswa na umri wake, wakamhurumia kama mtu amhurumiavyo bibi yake. Hoja hii haisimami. Huruma hudumu kwa wimbo mmoja. Kwa wimbo wa pili mtu huanza kutazama mlango. Tena wazee ni wengi duniani, na wengi wao huimba, wala hatusikii watu wamevuka bahari kwa ajili yao. Yatupasa kutafuta sababu katika uimbaji wenyewe. Asikilizaye kwa makini ataona ya kuwa Bi Kidude hakuwahi kulipita neno kwa haraka. Pumzi zikipungua, alikata mstari pale maana ilipokatika, wala hakukata katikati ya maana. Palipokosa sauti aliweka kimya, na kimya chake kilikuwa na uzito. Kisha kulikuwa na jambo ambalo halifundishwi shuleni: maneno ya mapenzi, ya kuachwa, ya kutembea na ya kurudi, aliyaimba kama mtu ayatajaye mambo ya nyumbani mwake. Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Naye aliyoyaona hakuyaficha nyuma ya sauti.

Hapa yapo mashaka ya kweli, wala si haki kuyapita. Bi Kidude aliimba Ulaya mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, nao pia waliguswa. Kama neno ndilo liufikialo moyo, hao waliguswa na nini? Na wale wa Unguja waliostarehe kwa nyimbo za Kiarabu wasizozielewa, tuseme ya kwamba walijidanganya?

Sisi twaona ya kuwa hawakujidanganya. Neno humfanyia kazi mwimbaji kwanza, ndipo msikiaji. Mwimbaji ambaye neno limekwisha kumwingia, pumzi zake hugeuka, mahali pa kukaza na kulegeza hugeuka, hata ukimya wake hugeuka. Na mambo haya yote husikika kwa asiyejua lugha, kama vile mtoto mchanga atambuavyo hasira ya mamaye kabla hajajua kusema. Asiyejua lugha hupata nusu, nayo ni nusu ya kweli. Lakini mwimbaji asiyejali neno humnyima mgeni nusu hiyo, na mwenyeji humnyima yote. Hii ndiyo sababu sauti nzuri mno yaweza kutuacha baridi. Twaistaajabia kama tustaajabiavyo kitambaa kizuri dukani, kisha twaenda zetu.

Na neno likimwingia mwimbaji, humpa ujasiri pia. Siti aliimba wimbo wa Kijiti, habari ya mwanamke aliyeuawa na mwuaji akakimbilia bara, haki isitendeke. Hakuimba hayo ili kuonyesha koo lake. Watu walipomdhihaki kwa umaskini wa asili yake na kwa sura yake, aliwajibu kwa wimbo, akiwafundisha ya kuwa thamani ya mtu haitoki katika uso wala katika ukoo. Aliyezaliwa akiitwa Mtumwa akisimama mbele ya mabwana na kuimba hivyo, nani atauliza kama sauti yake ilikuwa laini? Swali la wasikiaji lilikuwa kama maneno hayo ni kweli, na sauti yake ndiyo iliyokuwa shahidi.

Basi, waalimu wenzetu, tuyatumieje haya? Twaona mambo matatu. La kwanza ni katika kuwachagua waimbaji. Desturi ya kuwatenga wenye sauti nzito au yenye kukwaruza, tukawabakiza wenye sauti nyembamba na laini tu, yatupotezea wengi walio na la kusema. Hasara kubwa zaidi ni kwa wazee. Bibi aliyeambiwa mara moja ya kuwa sauti yake imeharibika hatafumbua kinywa tena, na nyimbo alizozichukua kichwani kwa miaka sitini zitakwenda naye kaburini.

La pili ni katika kufundisha. Kabla ya kumfundisha mtu mahadhi, aseme maneno kwanza kama asemavyo na jirani yake, mpaka aonekane ameyaelewa. Tena akiisha kujifunza asisifiwe kwa utamu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mwimbaji asifiwaye kwa sauti huanza kuisikiliza sauti yake mwenyewe, na tangu siku hiyo maneno yake huwa maji.

La tatu ni katika kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi yaliyotungwa kwa lugha nyingine. Katika neno mwokozi mkazo u katika silabi ya ko. Mahadhi yakiikaza mwo kwa nguvu na kuipitisha ko upesi, mwimbaji amelazimishwa kutamka neno ambalo si la Kiswahili, na hata angekuwa na sauti ya Siti asingeweza kuliponya. Watu wakiimba kwa uvivu siku kama hiyo, tusiwakemee kwa kukosa moyo. Tutazame kwanza kama sisi wenyewe hatukuwavunjia lugha yao kabla hawajaanza. Afadhali kubadili mpangilio wa maneno, au kuacha mahadhi hayo na kutafuta mengine, kuliko kuwazoeza watoto kuimba wasilolisikia.

Utamu wa sauti ni neema, na aliye nao amshukuru Mungu. Lakini atakaye kujua kama mwimbaji wake amefaulu, asimtazame mwimbaji. Amtazame yule mama aliyeketi nyuma kabisa, aone kama ameacha kupepea kipepeo chake.